Mchicha wa Maji ya Udhu

Bi Mwanasaumu wa Likoni, tangu afiwe na mumewe, alikula kwa kuuza mchicha. Miaka ile ya tisini mwanzoni mifereji ya bomba ilikuwa ikikauka mwezi mzima, watu wakizunguka na madebe, lakini bustani yake nyuma ya msikiti ilikuwa kijani. Msikiti ulikuwa na kisima. Watu wakishatawadha, maji ya udhu hushuka mtaroni yakaingia kwenye matuta yake.

Ijumaa moja jirani yake, Mwanatabu, aliona jeneza lililorudi mavani baada ya maziko likisuuzwa kwenye birika la udhu msikitini. Magharibi haijaingia, mtaa mzima ushajua.

"Shikamoo, Bibi. Leo sinunui," Mwanatabu alimwambia.

"Marahaba. Umeshiba?"

"Wasema mchicha wako wanywa maji ya maiti."

"Wasema nani, kama si wewe?"

Wanunuzi wakakatika. Mchicha ukarefuka, ukaanza kutoa mbegu, na hakuwa na kingine cha kupeleka sokoni. Mwinyihaji, mwadhini, akaja kumtaka ageuze mtaro uishie shimoni, maneno yaishe.

"Geuza ndimi zao," alijibu. "Mtaro uache."

Haukupita muda, akafa shangazi yake Mwanatabu. Mwosha maiti wa kike mtaani pale alikuwa Mwanasaumu, na ilibidi aitwe. Alikwenda. Akakuta ufuo umechimbwa chumbani chini ya kitanda, lile shimo la kupokea maji ya maiti, kama kila nyumba ifanyavyo. Alimpa Mwanatabu kata amimine maji, akaosha, akakafini kwa sanda. Ufuo ulipofukiwa ndipo akauliza, wanawake wote wakisikia:

"Maji yameingia wapi?"

"Ufuoni, Bibi."

"Yapo yaliyokwenda msikitini?"

Mwanatabu akatazama udongo. "Hapana. Lakini jeneza?"

"Jeneza hubeba aliyekwisha kuoshwa, na sanda yake kavu. Linalosuuzwa ni vumbi la mavani. Nenda ukaseme na hilo, kwa mdomo uleule."

Mwanasaumu akaondoka, hakungoja kahawa.

Matanga yalipoondolewa, Mwanatabu alikuwa wa kwanza kuja bustanini, na wengine nyuma yake. Akachambua fungu, akaguna.

"Huu umekomaa, Bibi."

"Umekomaa ukikungoja wewe," alisema Mwanasaumu, na bei hakupunguza. Uliokwisha kutoa mbegu aliupukusa kangani mwake, akasia upya kandokando ya mtaro.