Kona Chini ya Migomba

Mzungu wa kinu cha pamba alitaka kuoga. Si kuoga kama sisi tunavyoshuka mtoni na kipande cha sabuni, hapana. Alitaka maji yakae nyumbani kwake, ndani ya shimo la saruji lililopakwa rangi ya samawati, yeye na mkewe na wageni wao waingie humo mchana kweupe. Shimo likachimbwa, likajazwa. Wiki mbili hazijaisha, maji yamekuwa ya kijani na vyura wamehamia. Ndipo ikaagizwa pompi ya kuzungusha maji na kuyachuja, na pompi haili mihogo. Inakula umeme. Na mtu wa umeme pale kinuni, nje kidogo ya Kasongo, nilikuwa mimi.

Mtaona nasema kwa hasira. Mnisamehe, nimezeeka nayo. Siku zile sikuwa hivi. Nilikuwa kijana wa kujisifu, suruali imepigwa pasi, bisibisi mfukoni mwa shati mahali ambapo makarani huweka kalamu. Watu waliponiuliza umeme ni kitu gani, nilikohoa kwanza kabla ya kujibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mashine ya umeme ilikuwa kinuni, pisini, yaani lile shimo la kuogea, ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzungu, na kando ya pisini tulijenga kibanda cha matofali na mabati kwa ajili ya pompi. Kutoka kinuni mpaka kibandani ulitakiwa mtaro wa kina cha goti, na ndani yake waya mnene wa kuzikwa. Mzungu alipima urefu mwenyewe kwa kamba iliyonyooka, akaagiza waya wa kadiri ile ile na ziada ya mkono mmoja kila upande. Ulipofika kwa lori kutoka Kindu alinionya mara moja tu: uwe mzima toka mwanzo hadi mwisho, asione kiungo ndani ya udongo. Nilijibu ndiyo bwana. Sababu niliijua kuliko yeye. Udongo wetu wakati wa mvua ni uji.

Kisha akaenda Kabambare, kwenye ununuzi wa pamba, akaniachia vibarua wanne na kamba yake imetandikwa chini toka pembe hadi pembe.

Kamba ile ilipita katikati ya migomba ya zamani. Hapa lazima nieleze. Kiwanja chote kile kilikuwa kijiji chetu kabla serikali haijatuhamisha tukajenge kandokando ya barabara. Nyumba zilibomolewa, migomba ikabaki. Na mimi na mke wangu, kabla ya kuhamishwa, tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku nane. Padri hakumzika, maana hakuwa amebatizwa. Tulimzika sisi kwa desturi yetu: mtoto asiyeota meno hapelekwi makaburini, huwekwa ndani ya chungu kidogo, chungu kikazikwa chini ya migomba penye unyevu, bila kilio cha watu. Pale pakiachwa palale, mtoto anarudi tumboni mwa mama yake. Pakichimbuliwa, tumbo linafunga. Na mahali penyewe hapaonyeshwi kwa kidole, hapatajwi mbele ya mgeni. Miaka mitatu ilikuwa imepita na mke wangu hajashika mimba tena.

Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Jioni ile aliniletea chakula, akakaa mbali na mimi kidogo, akasema bila kuniangalia:

“Baba, kamba ya muzungu inapita juu ya mutoto wangu.”

Nilimwambia mtaro ni wa goti tu, chungu kiko chini zaidi. Nilimdanganya, wala sikukumbuka kina chake. Nikamwambia pia kwamba mambo haya ni ya wazee, sisi tumesoma misheni. Aliinua sahani ambayo sijaimaliza akaondoka nayo, na mimi nikabaki na mkono mtupu hewani, bwana mkubwa wa umeme.

Asubuhi nilisogeza kamba. Nikawaambia vibarua kuna mwamba pale mbele, tuzunguke. Wakaangaliana, maana walizaliwa pale na mwamba huo hawajausikia, lakini walichimba. Mtaro ukaenda sawa, ukafika migombani, ukapinda kuizunguka, ukarudi kwenye njia yake. Kutoka mbali ilikuwa kona ndogo tu, mtu angeiruka bila kuiona.

Ile kona ilikula waya. Tulipoutandika, ukaishia hatua nne kabla ya mlango wa kibanda. Nilikaa chini nikauangalia. Kuvuta haisaidii, waya si mpira. Ghalani kulikuwa na kipande cha waya wa zamani, kilichobaki kwenye kazi nyingine, na nilijua nitakichukua kabla sijasimama.

Niliunga. Niliunga vizuri, hilo hata leo sitakubali mtu aniambie vingine. Lakini utepe wa kufungia ulikuwa kidogo, kwa hiyo nikamwendea baba yangu. Baba alikuwa anachonga ngoma, na vichwa vya fimbo za ngoma alivifunika kwa utomvu wa mpira wa porini, akiupika mpaka ukawa mweusi na mzito. Fimbo zake zililala nje kwenye mvua mwaka mzima bila kuoza. Mimi nimekua nikiziona. Nikamwomba anipikie sufuria moja, nikapaka kwenye kiungo changu tabaka juu ya tabaka, nikafukia. Nilijipongeza, niseme kweli. Nilifikiri nimewashinda Wazungu kwa akili ya nyumbani. Sikufikiri kwamba fimbo ya ngoma haipitishi umeme, na kwamba kupata mvua halafu jua si sawa na kulala ndani ya maji miezi mitano.

Mzungu aliporudi alikuta nyasi zimerudishwa na pompi inanguruma. Alinipiga bega. Ndipo akasema anataka mtu wa kuitunza pompi kila siku, na mimi nikamtaja shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, aliyekuwa kwao Wamaza analima pamba kwa lazima na kuichukia. Mke wangu ndiye aliyemnywesha uji mama yao alipofariki. Alikuwa ndugu yake na mtoto wake.

Akaja kwa miguu, akiwa na kuku kwapani kwa ajili yangu. Shemeji yule! Siku ya kwanza alichota maji ya pisini kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema ni maji yaliyochemshiwa mayai. Kila akinipita alinitania kwamba mimi ni fundi wa kuzika nyaya, na maiti zangu zinapiga kelele kibandani. Pompi aliiamkia. Alifagia kile kibanda kuliko mama anavyofagia jikoni. Nilimpenda. Sijui kwa nini nachelewa kusema hivyo, ndilo jambo nililotaka kusema tangu mwanzo.

Na mke wangu akashika mimba. Ndiyo. Miezi minne baada ya kona ile. Alianza kuniita tena kwa sauti ya zamani, na mimi mwenyewe, msomi wa misheni, nikaanza kupita mbali na ile migomba kwa heshima.

Mvua zikaanza, zikanyesha miezi mitano. Siku moja shemeji alinifuata kinuni, akasimama anajikuna kiganja, akasema:

“Shemeji, ile pompi inaniuma-uma kidogo. Sawa siafu.”

Hapo hapo nilijua. Sikuhitaji kufikiri. Maji yameingia kwenye kiungo, umeme umetoka njia yake na kurukia waya wa usalama, ule uliofungwa kwenye chuma cha pompi ili kumlinda mtu. Na upande wa kinuni waya huo lazima umekwisha kuliwa na kutu, basi umeme hauna pa kwenda ila kukaa pale kwenye chuma, unamngoja anayeshika. Dawa ilikuwa moja: kuzima, kufukua, kuweka waya mzima. Na kufukua ni mzungu kuona kona, kuona kiungo, na kunyoosha mstari wake. Mstari ukinyooka unapita kwenye chungu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikasema moyoni, azae kwanza. Miezi miwili tu. Akizaa nitafukua mwenyewe, nifukuzwe, nipigwe, potelea mbali. Nikampa shemeji ubao wa kusimamia na kitambaa kikavu cha kushikia, nikamwambia asiguse chuma kwa mkono mtupu, hasa mvua ikinyesha. Akacheka, akasema pompi imekuwa mke mkali. Sikumwambia ni kwa nini. Ningemwambia ni kwa nini, angekaa mbali nayo. Mficha maradhi kilio humfichua, wazee walisema, nasi tunarudia maneno yao kila siku bila kuyasikia.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, jua limetoka. Mpishi wa mzungu alikuja mbio kinuni akisema yule mtu wa pompi amelala kibandani hataki kuamka. Nilizima mashine kwanza, kinu chote kikanyamaza, halafu nikakimbia. Maji yalikuwa yameingia mpaka kizingiti. Ubao ulikuwa umeelea, uko mlangoni. Yeye alikuwa amelala kifudifudi miguu mitupu, kitambaa bado kiko mkononi mwake, kimelowa. Alikuwa ameufuata ushauri wangu.

Mzungu alitoa lori la pamba limpeleke Wamaza. Nilikaa nyuma na jeneza, mke wangu akakaa mbele kwa sababu ya tumbo. Barabara ilikuwa mbaya, tulishuka mara nyingi kusukuma, na kila nikisukuma nilimsikia akilia ndani kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

Siku ya tatu ya matanga aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amenyolewa nywele. Macho yamevimba, lakini alikuwa ametulia, na utulivu ule ndio ulionitisha. Alikuwa amefikiri, peke yake, na amefika karibu.

“Uniambie kweli,” akasema. “Ni ile kona? Ni sababu nilikuomba?”

Nilikuwa na muda mfupi kuliko kumeza mate. Nikamwona mbele yangu, na mtoto tumboni, na ndugu yake udongoni, na neno moja langu ambalo angeishi nalo mpaka kufa.

“Hapana,” nikasema. “Kona haina neno. Nilikata waya vibaya, nilikuwa nimelewa. Nikaunga ovyo. Kosa ni langu.”

Akanitemea mate usoni, akarudi kwa wanawake wenzake. Sikuyafuta mate yale mpaka nilipofika barabarani. Wazee wa kwao walikaa, wakaamua hatarudi kwangu.

Kinuni niliungama kwa mzungu habari ya kiungo. Nikapigwa fimbo, nikafungwa gerezani Kasongo. Humo gerezani mmoja wa wale vibarua wanne aliniletea mihogo ya kuchemsha, akanisimulia habari za kazini. Fundi mpya amekuja toka Kindu, akasema. Wametandika kamba upya, moja kwa moja, na ule mwamba hawakuukuta. Walikuta chungu tu. Jembe lilikipasua, wakakitupa pamoja na udongo. Alikuwa anacheka kidogo, kwa ajili ya mwamba wangu. Nilimshukuru kwa mihogo.

Siku ile ile, au karibu na hapo, kule Wamaza mke wangu alizaa. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Chungu kimepasuliwa na tumbo halikufunga. Nimekaa na hesabu hiyo tangu wakati huo na hainipi jibu. Kama ningeiacha kamba ipite ilivyotandikwa, shemeji angekuwa hai, na mtoto huenda angezaliwa vilevile. Huenda. Padri niliyemwambia alisema ni ushirikina uliomuua shemeji. Mimi nasema niliyemuua ni mimi, mwenye kuogopa huku na huku.

Nilipofunguliwa nilinunua kitenge, nikaenda Wamaza kwa miguu. Nilikuwa nimekusudia kumwambia yote. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno, nayasema kwa sauti, waliokutana nami waliniona kichaa. Nilimkuta ameketi kizingitini na mtoto kifuani. Hakunikaribisha ndani. Alipokea kitenge akakiweka pembeni, akanigeuzia mtoto nimwone uso, akaniacha nimtazame. Mtoto alikuwa na masikio ya mjomba wake.

Mke wangu alikuwa amenenepa kidogo. Uso wake ulikuwa mgumu kwangu, lakini kwa mtoto ulikuwa uso wa mtu anayelala usiku. Nilifungua mdomo. Yeye akatangulia.

“Wewe sitakusamehe,” akasema. “Lakini jambo moja nitakushukuru mbele ya Mungu. Ulimuzungukia mutoto wangu wa kwanza. Yeye hakuna aliyemusumbua. Iko analala.”

Nikasema ndiyo, analala. Kisha nikaaga, nikarudi Kasongo.