Rekodi za Shemeji Kwenye Kumbukumbu ya Baba

Shemeji yangu, mume wa dada, anakaa Bugolobi kwenye fleti yenye spika ndefu kuliko watoto wake. Hupendekeza rekodi kama daktari anavyoandika dawa: piano ya noti chache kwa mwenye hasira, kwaya ya watawa kwa asiyepata usingizi. Ukimwambia umesikiliza na hukuambulia kitu, anakuonea huruma.

Mwaka jana, baada ya misa ya kumkumbuka baba, aliyekuwa polisi, tulikusanyika nyumbani Nsambya. Kwaya ya parokia ilikuwa imekuja na adungu, vile vinubi vya kwetu kaskazini. Shemeji akawaomba wapumzike kwanza. Alikuwa amebeba spika zake.

"Leo tumpe mzee ukimya," akatangaza. "Ukimya uliorekodiwa vizuri."

Kengele ikalia mara moja. Halafu kimya. Halafu fidla moja, nyembamba kama mbu, ikashika noti na kukataa kuiachia. Watu wakangoja wimbo uanze. Mjomba wangu, askari mstaafu, akainuka akaipiga spika kwa kiganja.

"Hii kitu imekufa," akasema.

"Mjomba, wimbo wenyewe ndivyo ulivyo," shemeji akanong'ona, macho kayafumba. "Sikiliza nafasi iliyo kati ya noti."

"Nafasi naisikia. Wimbo uko wapi?"

Kengele ikalia tena. Shangazi akadhani ni ya chakula, akachukua sahani, na nusu ya watu wakamfuata. Shemeji, kwa kuwa alikuwa bado amefumba macho, aliendelea kuviongoza viti vitupu kwa kidole kimoja.

Mama ndiye aliyemgusa bega. "Mwanangu, zima. Mzee wangu alikuwa mtu wa kelele."

Kwaya ikaimba matoke yakiwa bado mdomoni, na mjomba akacheza. Shemeji hakula. Alikunja nyaya zake akaondoka.

Siku iliyofuata alinitumia rundo la rekodi kwenye simu, kila moja na maelezo yake, kama vile mimi ndiye niliyebaki wa kuokolewa. Nilizisikiliza nikipiga pasi. Nyingi ni mtu anayegusa piano kana kwamba anaogopa kuiamsha, na hiyo ndiyo wanayoiita roho. Moja tu ilinisimamisha: wanaume wazee wakiimba kanisani, na katikati mmoja anakohoa, wala waliorekodi hawakukikata kikohozi chake. Niliirudia hiyo mpaka pasi ikapoa.

Sijamwambia shemeji. Atafurahi mno.