Sahihi Yangu Pembeni mwa Ukurasa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo wakijisifu. Mimi nasema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walishuka Nairobi kutafuta kazi. Mimi nilitafuta kazi iliyo karibu na jiko la mama yangu, nikaipata: karani wa dispensari, upande wa Gatitu, mwendo wa robo saa kutoka mlangoni kwetu. Hata hiyo robo saa niliilalamikia. Ilikuwa miaka ya sabini, na mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne bado aliweza kuchagua uvivu wake.

Kazi yangu ilikuwa kuandika wagonjwa kwenye rejista: jina, umri, anakotoka, ugonjwa. Tena nilikuwa msimamizi wa maktaba. Usifikirie jengo. Maktaba ilikuwa kabati moja la mbao, lenye kufuli, nyuma ya kiti changu. Vitabu vyenyewe vilitoka ofisi ya wilaya ndani ya katoni ya sabuni, ili wauguzi wa dispensari ndogo kama yetu, ambao hawakuwa na daktari wa kumuuliza, wawe na mahali pa kutazama kabla ya kutibu. Nilivifunika kwa karatasi za kalenda kuukuu, kama tulivyofunika vya shule, nikavipanga kwa urefu, nikafunga. Ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeviazima, na mimi nilihesabu hilo kuwa ndio utunzaji bora.

Aliyekuwa mkuu wetu, muuguzi tuliyemwita Sista, alikuwa ametibu miaka mingi hata kipimo cha kila dawa alikibeba kichwani.

"Karani," aliniambia siku moja, "hiyo kabati yako iko kama kaburi. Watu wanapita hapo wakinyamaza."

"Ni heshima, Sista."

"Ni heshima ya wafu."

Kitabu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha bluu, kilichoeleza matibabu ugonjwa kwa ugonjwa, na dawa kiasi gani kwa umri gani. Mara kwa mara wilaya ilituletea vikaratasi vya masahihisho. Kazi ya karani ilikuwa kukata kikaratasi, kukibandika juu ya maneno ya zamani, kisha kutia sahihi pembeni mwa ukurasa. Ilikuwa desturi ya dispensari zote: ukiona sahihi pembeni, jua mahali hapo pameshaangaliwa na kurekebishwa.

Kikaratasi kimoja kilikuja na barua. Kwenye jedwali la malaria, mchapaji alikosea mstari wa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Palipostahili kuandikwa nusu kidonge, aliandika viwili. Kwetu kuna baridi na malaria si ya huku, lakini watu waliteremka Mwea kwenye mashamba ya mpunga, chini ya Kerugoya, wakarudi nayo.

Gundi ilikuwa imekwisha. Gundi nyingine ilikuwa Nyeri mjini, na safari ya mjini ingenikosesha chakula cha mchana cha nyumbani. Basi Jumamosi nikabeba kitabu mpaka kwetu, nikakoroga unga wa ngano na maji, nikaweka kwenye moto. Mama aliniita baba, kwa sababu nilipewa jina la babu mzaa mama, na pia, nadhani, kwa sababu nilikaa hapo nikingoja kuhudumiwa.

"Baba, sasa unapikia kitabu uji?"

"Ni gundi, mama."

"Weka sukari basi. Kama ni kukula, ikule vizuri."

Tulicheka. Nikabandika, nikakausha ukurasa karibu na moto, nikatia sahihi pembeni. Sahihi yangu ilikuwa kubwa, yenye mkia uliorudi nyuma na kujizungusha. Hakukuwa na mahali pengine ambapo serikali ilinitaka nitie sahihi, kwa hiyo sikuinyima wino.

Ikaja Julai. Ukungu ulishuka, mlima haukuonekana kwa majuma. Jioni moja, nikiwa nimekaa na chai yangu, nikasikia ndani ya kabati: kwaru, kwaru. Nikajiambia mbao zinajikunja kwa baridi. Kesho yake nikakuta vinyesi vyeusi chini ya mlango wa kabati, vidogo kama punje za mchele. Nikavifagia. Mama akasema nichukue paka wetu nikamweke ofisini. Nikamjibu kuwa paka yule ni kama mimi, hapendi kutoka. Kwaru, kwaru iliendelea kila alasiri. Siku moja niliweka kiganja juu ya mlango, na sauti ikakoma, kana kwamba kilichokuwa ndani nacho kilikuwa kinanisikiliza. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Sikufungua. Nilimalizia chai, nikaenda nyumbani.

Kisha Sista akaenda likizo, na tukaletewa muuguzi wa kushika nafasi yake, kijana mtulivu kutoka magharibi. Wagonjwa walimwita daktari, nami nikawafuata. Siku ya kwanza aliuliza:

"Karani, vitabu viko wapi?"

"Viko ndani. Viko salama."

"Sikuuliza kama viko salama. Nipe ufunguo."

Akachukua kile cha bluu, akakiweka mezani kwake, na kila mgonjwa alipokuja alisoma kwanza, kisha akaandika. Niliona haya kwa niaba yake. Jioni nilimwambia mama kuwa tumeletewa daktari anayeibia mtihani mbele ya msimamizi.

Jumatatu alikuja mwanamke mwenye shali ya kijani, mtoto mchanga mgongoni, anachemka kwa homa. Alikuwa ametoka Mwea, amepita kwetu kuona shangazi, na gari la kumpeleka kwao lilikuwa linamngoja barabarani. Nilimuuliza anakotoka. "Murang'a," akasema. Nikaandika Murang'a. Rejista ilitaka pia jina la chifu na kanisa au shule iliyo karibu, lakini yeye alikuwa na haraka na chai yangu ilikuwa inapoa. Akapewa vidonge ndani ya kipande cha gazeti, akaenda.

Alhamisi walikuja mama kijana na mama mkwe wake, kutoka ng'ambo ya bonde, na mtoto wa miezi minane. Ni malaria tena, ni Mwea tena. Daktari akasoma, akaandika, wakaondoka. Saa tisa hivi akaniambia nirudishe kitabu kabatini. Nilipokiinua, unga mkavu ukamwagika mapajani mwangu.

Nilikifungua penye malaria. Kikaratasi hakikuwapo. Palibaki kingo zake tu, zimetafunwa kwa meno madogo sana, safi, kama makasi ya mtoto. Panya walikula uji wangu wote na karatasi iliyokuwa juu yake. Chini yake maneno ya mchapaji yalikuwa yamerudi: vidonge viwili. Na pembeni, mahali ambapo sikupaka uji, sahihi yangu ilikuwa nzima na mkia wake.

"Daktari, huyu mtoto wa leo umempa ngapi?"

"Mbili."

"Ni nusu."

"Kitabu inasema mbili." Alizungumza polepole. "Hata mimi nilishtuka, ati mbili kwa mtoto mdogo hivyo. Nilitaka kukuuliza. Halafu nikaona umeweka sahihi hapo. Nikajua pameangaliwa."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

"Ameshakunywa?"

"Nilisema apewe wakifika nyumbani." Alikuwa tayari anakata kidonge kwa wembe. Akafunga nusu kwenye karatasi, akanitilia mkononi. "Wewe unajua njia. Hizo zingine urudi nazo. Kimbia."

Sikuwa nimekimbia tangu shule, na hata shuleni nilikuwa nikimaliza watu wakiwa wameanza kurudi madarasani. Nilishuka bonde. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye mashamba ya kahawa, matone yakidondoka jani kwa jani, na zaidi ya pumzi yangu hapakuwa na sauti nyingine. Nilipovuka gogo la mtoni nikasikia mtoto akilia juu huko, kilio chembamba. Nikapanda. Nilipofika nusu ya mwinuko, kilio kikakatika.

Nimesahau mambo mengi ya kazi ile, lakini kimya kile sijakisahau.

Mlango ulikuwa umefungwa, moshi ukitoka juu.

"Hodi hapa."

"Ni nani?"

"Ni karani wa dispensari."

Nyanya mtu akafungua kidogo, akanitazama matope mpaka magotini. Nikamuuliza kama mtoto amekunywa dawa. Badala ya kujibu akasogea pembeni. Juu ya meza palikuwa na kijiko, na ndani yake ile dawa, imeshapondwa na kuchanganywa na maziwa, imefunikwa kisosi. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwa mama yake.

"Huyu alitaka kumpa," nyanya akasema, akimwonyesha mkazamwana kwa kidevu. "Nikakataa. Mtoto amelia mpaka akalala, mimi nyumbani kwangu hatuamshi mtoto. Dawa itangoja."

Niliketi chini bila kukaribishwa. Niliwaeleza. Nikamimina kijiko jivuni, nikachukua vidonge vilivyobaki, nikawapa ile nusu.

"Kumbe serikali inafuata dawa yake mpaka kwa kijiko," nyanya akasema. "Na hii ndiyo mbio yake?"

Nilirudi karibu nicheke. Njiani nilikuwa nimeshatunga jinsi nitakavyomsimulia mama. Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti changu, rejista mbele yake, kidole juu ya mstari mmoja.

"Amepona?"

"Hakuwa amepewa."

"Vizuri." Kidole hakikuondoka. "Na huyu wa Jumatatu? Nilisoma ukurasa ule ule."

Nikatazama. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ulionyooka. Jina moja la mtoto, jina ambalo nusu ya wavulana wa huko wanalo. Miezi sita. Murang'a.

"Murang'a wapi?"

Nikapeleka kidole kwenye nafasi ya chifu na ya kanisa. Zote zilikuwa tupu.

"Murang'a ni kubwa, Karani."

Shangazi yule tulimtafuta Gatitu nzima, hatukumpata. Wilaya ikapiga simu hospitali ya Murang'a. Wakajibu hawajaletewa mtoto wa namna hiyo. Jibu hilo unaweza kulisoma kwa njia mbili, na mimi nimelisoma kwa zote mbili. Jumamosi nilifanya jambo ambalo mama hakuamini: niliacha chakula mezani nikaenda Murang'a, nikasimama sokoni mpaka watu wakaanza kufunga vibanda, nikitazama migongo ya wanawake. Kumbe shali za kijani ni nyingi.

Vitabu vilitolewa kabatini, vikakaa mezani bila kufuli, na kabati likawekwa mifagio. Nilinunua gundi ya duka. Wilaya ikaleta kikaratasi kingine, tukakibandika, na safari hii daktari alitia sahihi mwenyewe, ndogo, chini ya ile yangu. Yangu haikufutika.

Niliendelea na kazi ile miaka mingine mingi. Kila aliyeniambia ametoka Murang'a nilimuuliza Murang'a wapi, chifu nani, kanisa gani, mpaka wagonjwa wakasema karani amekuwa polisi. Mtoto yule, kama yuko, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Kama yuko.