Simu Tatu kwa Mwenye Nyumba

Épiphanie, Mrundi anayehudumia wazee huko Rågsved nchini Uswidi, hakuwa mwepesi wa kuamini sheria. Kwao alishasikia sheria nzuri zikisomwa redioni huku majirani wakifunga mizigo kukimbia. Kwa hiyo mwalimu wake wa darasa la watu wazima aliposimulia kwamba Marekani iliandika usawa katika katiba mwaka 1868, kisha ikalazimika kutunga sheria nyingine ya kukataza ubaguzi mwaka 1964, aliguna.

"Kama ya kwanza ilikuwa ya kweli, ya pili ya nini?"

"Hata ya pili haikutosha," mwalimu alisema. "Mwaka 1968 ikaja ya kukataza ubaguzi katika kupangisha nyumba, na watu wakaipima. Walituma mweusi na mweupe kuulizia nyumba ile ile, wakalinganisha majibu."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Wiki ile mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa Spånga alikuwa amemwambia kwenye simu, mara tu alipotaja jina lake, kwamba chumba alichotaka kupanga kimeshachukuliwa. Kesho yake kazini akamwomba mwenzake Gunilla, Mswidi, apige namba ile ile. Gunilla akakaribishwa kukitazama Jumamosi.

"Labda aliyekichukua ameghairi," Gunilla alisema, uso umemwiva kwa aibu.

"Labda." Épiphanie akapiga tena mwenyewe. Akaambiwa chumba kimeshachukuliwa.

Siku hiyohiyo aliandika malalamiko kwa ofisi inayoshughulikia ubaguzi, akataja saa ya kila simu, na Gunilla akatia sahihi kama shahidi. Hakuwa na hakika kwamba watamsikiliza. Nakala alijiwekea mwenyewe.