Nati Iliyokazwa Kidogo

Niliinama kuangalia geji, nikaona sindano imeshapita alama nyekundu na valvu bado kimya. Hapo hapo nilijua. Nilinyoosha mkono nivute makaa yatoke chini ya boila, mkono haukufika. Mlipuko sikuusikia, waliokuwa uani ndio wanaousimulia. Mimi nilihisi kama nimepigwa uso mzima kwa shuka lililotolewa kwenye maji ya moto. Kisha ikaja harufu ya shaba iliyoungua, kisha sauti ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akiuliza polepole, "Jicho lake liko wapi?"

Jicho lilikuwepo, la kulia, ila halijaona kitu tena tangu siku hiyo. Ngozi ya shavu na ya mkono imerudi, ina madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Naandika haya kwa jicho la kushoto, mimi niliyeishia darasa la saba, kwa sababu nimechoka kusikia neno ajali. Majirani wanasema ajali, kanisani wanasema ajali, mke wangu naye anasema ajali kila mgeni akiuliza. Ng'ombe akiingia barabarani hiyo ni ajali. Hii yangu ina wenyewe, na nitawataja. Majina siandiki, mke wangu kaniomba. Lakini Bigwa nzima inawajua.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, kwenye chumba ambacho mke wangu alitaka kiwe jiko. Dirisha linatazama mlimani. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala huko juu, mimi nimeshafuta mashine na kutia oili, nangoja tu mwanga utoshe kusoma kipimo. Mashine yenyewe ni ya kukereza vyuma, ndogo, ya zamani. Nilianza kazi karakana moja ya mjini kama mfagiaji wa zile nyuzi za chuma zinazojikunja chini ya mashine, nikajifunza kwa kuangalia, hadi msimamizi akachoka kuniona nimesimama na ufagio, akanipa chuma nikereze. Karakana ilipofungwa, mashine ndogo ya pembeni haikupata wa kuitaka kwa kuwa ilikuwa imelegea kila mahali. Msimamizi akasema, "Ichukue wewe, mtalegea pamoja." Tuliileta Bigwa kwa mkokoteni, wanaume wanne. Mwezi mzima nikaisugua na kuikaza mpaka ikaacha kutetemeka.

Pamoja nayo alinipa kitabu chenye michoro ya injini ndogo ya mvuke, ya kukaa juu ya sinia la chai. Kiingereza sijui, ila mchoro hausemi Kiingereza. Silinda nikaitoa kwenye bushi ya pampu ya maji iliyokufa, pistoni kwenye koki ya shaba, gurudumu kwenye cherehani iliyotupwa. Kazi hiyo ilinichukua miaka, jioni na siku za mapumziko. Pistoni na silinda vilipishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Ukiziba tundu la chini kwa kidole gumba, pistoni haishuki. Ukiondoa kidole, inateremka taratibu kama mzee anayekaa kitini. Niliweza kukaa nikifanya hivyo tu, kuziba na kuachia, mpaka chai ikapoa.

Watu waliuliza inafanya kazi gani. Haifanyi kazi yoyote, inazunguka. Jibu hilo liliwachosha wote isipokuwa mtani wangu.

Huyu ndiye wa kwanza wa hao niliosema nitawataja. Analeta ndizi kutoka Mkuyuni, na akipita Bigwa lazima aingie kwangu kunitukana. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mabibi. Aliwahi kuuliza kama injini yangu itamenya mihogo au inangoja posa. Siku ya kumzika mama yangu aliingia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na mimi niliyekuwa nimelia tangu alfajiri nikacheka mbele ya jeneza. Nilimpenda kwa hilo. Ndiyo maana jambo hili linanikaa kooni.

Boila niliiunda kwa bomba nene la shaba, vifuniko viwili nikavilehemu mwenyewe. Kabla ya kuitia moto niliijaza maji baridi, nikayasukuma kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya alama nyekundu ya geji, maana maji baridi yakishinda chuma yanachuruzika tu, hayaui mtu. Nikaiacha hivyo toka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Haikutoa hata jasho. Juu yake nikaweka valvu ya usalama: gololi ya baiskeli imekalia tundu, springi inaikandamiza, na nati ya kukaza springi. Mvuke ukizidi, gololi inanyanyuka, unatoka kwa kulia fsss. Nilipopata kiasi nilichotaka, nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu nikachora mstari mmoja, kutoka kwenye nati kuingia kwenye mwili wa valvu. Mtu akigusa nati, mstari unakatika.

Jumapili ile mama mkwe alikuja na shemeji zangu wawili baada ya misa. Niliitoa injini uani wakaiona ikizunguka, na mtani naye akatokea na ndizi zake. Valvu ikawa inalia kila mara, fsss, kama inavyotakiwa.

"Mtani," akasema, "mtoto wako anajamba mbele ya mama mkwe."

Mama mkwe mwenyewe akaficha uso kwenye khanga kwa kucheka. Nami nikamjibu, "Mwache ajambe. Asipojamba atapasuka."

Wakacheka zaidi. Wapo wanaosema kosa ni langu, kwamba onyo nililitoa kwa utani. Sasa mtani wako utamwambia kwa lugha gani? Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia neno lililonyooka, wala yeye mimi. Alijua ni kweli. Nilimuona akiitazama ile nati.

Niliingia ndani kuchukua kikopo cha oili. Spana niliiacha mezani pale uani, kando ya injini. Niliporudi kelele ya valvu imekwisha, nikadhani makaa yamefifia, nikaongeza mengine. Injini ikashika kasi ambayo sijawahi kuiona. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikamwita mke wangu aje aone. Ndipo nikainama kuangalia geji.

Siku ya tatu hospitalini mtani alikuja na ndizi mbivu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Nilimkaza kidogo tu, mtani. Nilitaka awe na adabu mbele ya mama mkwe." Akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

Wa pili ni mjomba wangu. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba akishasema hakuna wa kuongeza. Alishuka kutoka mlimani, akatukalisha mkekani, akasikiliza, akasema utani hauna kesi. Mtani alete jogoo, tule, yaishe. Jogoo alipikwa nyumbani kwangu, akapikwa na mke wangu. Nilipewa paja. Nililila kwa sababu mjomba alikuwa ananitazama. Mifupa wakapewa mbwa.

Nilipopata nguvu ya kurudi karakana, niliikuta valvu nyuma ya magunia ya mkaa, ilikorukia. Mwili wake umebonyea, huwezi tena kupima springi ilikuwa imebanwa kiasi gani. Lakini rangi ya kucha ipo. Mstari wa kwenye nati na mstari wa kwenye mwili imeachana kwa robo ya mzunguko.

Robo. Sasa angalia. Kama alikaza robo peke yake, boila ilikuwa na uwezo wa kuistahimili robo hiyo, na zaidi, maana niliipima hadi mara mbili ya alama. Basi iliyopasuka ni lehemu yangu, na jicho nimejitoa mwenyewe. Kama alizungusha mzunguko mzima na robo, au miwili na robo, hakuna boila ya kustahimili hiyo, na mikono yangu haina hatia. Mstari hauwezi kusema nati imepita hapo mara ngapi. Nimeutazama mpaka kichwa kinauma. Sindano ya geji niliiona, ila ilikuwa imepita kiasi gani, kumbukumbu hainipi.

Kuna bomba jingine la shaba mezani. Nimeshalikata, vifuniko nimeshavikereza, kwa shida, kwa sababu jicho moja halijui umbali: nadhani ncha haijagusa chuma kumbe imeshaingia. Vimekaa tangu mvua za vuli. Mke wangu anadhani naogopa moto. Siogopi moto. Sijui kama mkono wangu unajua kulehemu, na fundi asiyejua hilo hana haki ya kuwasha kitu watu wakiwa karibu.

Usiniombe radhi, mtani, na jogoo wa pili usilete. Wewe mjomba uliyeifunga kesi, ifungue. Mwite akae mkekani pale pale, mbele ya mama mkwe na wote waliokuwepo. Nitaweka valvu nyingine na spana ile ile. Aishike, akaze kama alivyokaza siku ile, sisi tukihesabu mizunguko.