Software ya "beginner" ilivyoifuta pete ya baba kwenye gitaa la mama

Wakuu, habari zenu. Nawasalimia kwa sababu nimelelewa, ila nina hasira, na baadhi yenu mnaosoma hapa mnahusika.

Ninachoandika ni ukweli mtupu. Natamani ingekuwa chai.

Miezi kadhaa iliyopita nilileta humu swali la kistaarabu kabisa. Natafuta software rahisi ya kurekodia gitaa la kawaida, lile lisilotumia umeme, nikiwa nyumbani. Mimi sijui chochote, nina laptop ya mtumba na mic ya kuchomeka USB.

Mlinijibu, sikatai.

Mmoja akasema bila software ya kitaalamu napoteza muda. Nikaishusha, nikaifungua, nikakuta vitufe vingi hata pa kuanzia sipaoni. Nikaifunga.

Mwingine akasema, "Kwa beginner chukua hii, inafanya kila kitu yenyewe, wewe unabonyeza tu." Huyo alipata like nyingi kuliko wote. Nikamwamini kwa sababu ya like. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Jina la hiyo software sitalitaja, mods wasije wakafuta uzi.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza narekodi nini.

Basi niwaambie leo.

Mama yangu anapiga gitaa. Alivuka ziwa kutoka ng'ambo akiwa mtoto, wazazi wake wakafikia Kibirizi, na kaka yake ndiye aliyemfundisha. Baba alikuwa Muha wa Kalinzi, hakujua kupiga chombo chochote. Alichoweza ni kukaa karibu na mama na kugonga mkono wa kiti kwa pete yake ya ndoa.

Ko, ko-ko. Ko, ko-ko.

Kulikuwa na wimbo mmoja, hauna maneno wala jina. Tulikua tukiusikia jioni, mama kwenye nyuzi, baba kwenye kiti.

Baba alipofariki, mama aliichukua ile pete. Ilimtosha kidole gumba tu. Akaivaa gumba la kulia, na kila akipiga ule wimbo, gumba likishuka kwenye nyuzi nene linapitiliza na kugonga ubao wa gitaa. Ko, ko-ko. Hakutuambia kitu, na sisi hatukuuliza. Tulielewa.

Sasa vidole vyake vilikuwa vimeanza kukaza asubuhi. Nikasema huu wimbo niuhifadhi kabla mikono haijamgomea. Hicho tu ndicho nilichokuwa nataka, wakuu. Sikutaka kuwa msanii.

Tukarekodia sebuleni kwake, Buzebazeba. Nilizima redio na kufunga madirisha, lakini mtaa haufungwi. Pikipiki zinapita, kuku wa jirani nao wana mambo yao. Mama alipiga mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa nzuri hadi nikasahau kuangalia laptop.

Alipomaliza tu, ile software ikaniletea kitufe cha kijani. Safisha sauti. Chini yake imeandika kwamba inapendekezwa kwa wanaoanza.

Mimi si ndiye ninayeanza? Nikabonyeza.

Ikauliza kama ihifadhi juu ya ile ya mwanzo ili kuokoa nafasi. Laptop yangu ilikuwa imejaa. Nikabonyeza ndiyo. Zile mbili za kwanza nikazifuta kwa mkono wangu.

Nikasikiliza, nikafurahi kama mjinga. Pikipiki hakuna, kuku hakuna, imetulia kama ya studio. Ndiyo, nilisikiliza, kabla hamjauliza. Nilikuwa natega sikio nijue kama pikipiki imetoka, basi.

Wiki mbili baadaye mama aliteleza kwenye mawe pale mwaloni, wanaposhushia samaki, alikokwenda kuchukua migebuka. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Mkono ukavimba, gumba likavimba, na hospitali ikabidi waikate pete kuokoa kidole. Siwalaumu, walifanya kazi yao. Mama alirudi nyumbani na plasta, na vipande viwili vya pete ndani ya kitambaa.

Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, "Mutoto wangu, niwekee ule wimbo."

Nikauweka. Kwa mbwembwe, na spika nimeazima.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Baba yako eko wapi?"

Nikadhani ni dawa za maumivu. Nikamwambia, mama, baba si tulishamzika.

"Humu ndani," akasema, akionyesha spika. "Baba yako eko wapi humu?"

Na kwa mkono wake wa kushoto akagonga meza. Ko, ko-ko.

Wakuu, nilirudia ule wimbo pale pale, mara tatu, mara nne. Nyuzi zipo zote, safi kabisa. Pete haipo hata mara moja. Software ilisikia kitu kinagonga ubao, ikaamua ni kelele kama pikipiki, ikakifuta. Baba yangu amefutwa na kitufe cha kijani!

Nilitafuta pa kurudisha, hakuna. Nikawaandikia wenye software, nikajibiwa na mashine, inanishukuru kwa maoni yangu. Nilitaka kuipiga laptop chini. Plasta ilipotoka, kifundo kiligoma kukunjika, na mama sasa gitaa analifuta vumbi tu.

Mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana alikuwa fundi mitambo wa kwaya ya kanisani kwa mama. Aliuliza mawili: "Ulikuwa unarekodi nini, na rekodi mbichi iko wapi?" Nikamweleza kile kitufe cha kijani.

Yeye anatumia software ya bure, sura yake mbaya kama fomu ya halmashauri. Kitufe chekundu kimoja cha kurekodi, na haigusi kitu mpaka uiambie. Hiyo ndiyo ya mtu anayeanza. Inayokuamulia kila kitu ni ya mtu asiyejali anarekodi nini. Na rekodi mbichi usiifute kwa sababu yoyote ile. Laptop ikijaa, futa muvi zako.

Lakini hasira yangu haijaishia kwenu, na hapa ndipo inaponiwia vigumu kuandika.

Dada yangu yuko Kasulu. Siku ile, kabla hatujaanza, nilijaribu mic kidogo nikamtumia kipande hicho kwa simu, kumwonyesha kwamba mitambo imekubali. Nilikuwa nimesahau kabisa. Juzi akanirudishia, alikuwa hajafuta.

Ni kipande kifupi mno. Kuna kuku, kuna pikipiki, vyote vimo. Mama anasikika akisema, "Umebonyeza? Wewe na mashine yako, acha nipige." Kisha nyuzi zinaanza, na pete inaingia. Ko, ko-ko. Ko, ko-ko. Yaani baba huyo hapo, amekaa.

Halafu inaingia sauti ya mwanaume, inamkatisha.

"Mama, ngoja. Usigonge kwanza, inaleta kelele."

Ni mimi. Nilimwambia hivyo kabla software haijafanya chochote. Alipoanza tena aligonga vilevile, hakunisikiliza, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ila nililisema.

Kwa hiyo karibuni, mnitukane na mimi niwatukane. Mwenye rekodi ya mzazi wake aje aseme anaitunza wapi. Na akija mgeni kuulizia software, kabla hujamtajia jina, muulize anarekodi nini.

Nikichelewa kujibu, jueni simu iko kwa mama. Anakisikiliza kile kipande kila jioni, na ameshajua kukizima kabla sauti yangu haijaingia.