Kanyange na Ndama Aliyempa Dereva

Huyu ni Kanyange Georgette, binti wa Mutware aliyevusha ng'ombe wa mlima mzima kwenye mto Ruzizi mwaka wa vita, 1996. Mjukuu wa Mukandoli aliyekataa kula mbegu hata njaa ilipomla yeye. Kanyange mwenyewe aliingia kambi ya wakimbizi ya Kashojwa na mitamba wawili, akajenga zizi pale wenzake walipoona vichaka tu.

Simu hakuitaka. "Simu inaishaka moto," alisema, akimaanisha chaji. "Mutu haishi moto."

Kwa siku asizozijua aliweka akiba ya watu. Ndiyo maana alimpa Jovan, dereva wa teksi ya kwenda mjini Mbarara, ndama jike. Kwetu milimani ukimpa mtu ng'ombe mmekuwa ndugu. Siku ya shida haulizi, anakuja. Jovan alimpokea kwa mikono miwili, akaapa kwamba akimwona Kanyange barabarani hatampita.

Mwaka 2009 jicho la kulia la mume wake, Musoni, lilivimba, likamuuma hata kumeza akashindwa. Muuguzi akasema: hospitali ya macho ya Ruharo, kule Mbarara, leo hii. Asubuhi ileile Kanyange alimshika mzee mkono mpaka barabarani. Teksi ya Jovan ikaja, ikapunguza mwendo. Wakaangaliana, Kanyange na Jovan, uso kwa uso. Halafu ikaongeza moto, ikapita.

Walifika Ruharo kesho yake, juu ya lori la mahindi. Jicho lilikuwa limekwisha kufa.

Baadaye Kanyange alipomkuta stendi, Jovan hata hakuona haya.

"Mama, viti vyote watu walishika kwa simu. Si ungepiga tu!"

"Na ng'ombe yangu?"

"Ile ya kusema asante? Aa, mama, ile tulikula Krismasi. Ilikuwa na mafuta!"

Abiria wakacheka. Kanyange akageuka, akaondoka bila kumuaga. Adui angempita, angeelewa. Lakini ndugu, tena ndugu aliyekula ng'ombe wa undugu kama mbuzi wa sokoni!

Wiki hiyohiyo jicho la kushoto la Musoni likaanza kuwa jekundu. Kanyange akamwita binti yake.

"Benitha, ile simu unanifichaka, itoshe."

Benitha akaitoa kifuani.

"Utafute dereva mwingine, hata wa pikipiki. Usimuambie jina yangu, wala ya baba yangu. Usimuite ndugu. Umuite kwa simu vile batu bote banaitaka, umulipe, basi. Jicho yenye imebakia ya baba yako, nakuachia wewe. Piga."